Daraja la Kati

Ghala si mahali pa kupeleka wageni. Anayekuja Muscat kwa matembezi hupelekwa Mutrah, hupelekwa Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, hupandishwa milimani. Ghala huiona kwa mbali tu kutoka barabara kuu, safu ya mapaa ya mabati, vioo vya maduka ya magari na vumbi la gereji chini ya majabali ya Bawshar. Kijiji cha kale chenye mitende kimejibanza nyuma huko, kimegeuziwa mgongo na maduka ya vipuri. Kwa sikio la Mswahili jina lenyewe linachekesha kidogo. Ghala ni nyumba ya kuwekea nafaka, na kwa maana hiyo jina limepafaa, kwani kila kitu cha gari kimewekwa hapo, kipya na kikuukuu. Wapo pia Waswahili wa Muscat wanaobadilisha irabu moja tu wakasema Ghala ni ghali, na wao nao hawajakosea.

Mwalimu mmoja wa hisabati, mwanamke aliyekwisha kuvuka miaka hamsini, alikwenda huko mwishoni mwa Julai pamoja na baba yake kuagiza gari la umeme. Mzee amepita themanini. Alizaliwa Unguja, akaondoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, akazunguka kama walivyozunguka wengi, na mwaka 1973 akaingia Muscat, miongoni mwa walioitikia wito wa Sultan Qaboos kwa Waomani waliokuwa nje. Nyumbani kwao Al Khuwair, Kiswahili ndiyo lugha ya jikoni, ya ugomvi na ya maongezi ya usiku. Kiarabu ni cha ofisini na msikitini.

Haja yao ilikuwa wazi, na ilikuwa ndogo kuliko duka waliloingia. Figo za mzee zimechoka. Mara tatu kwa wiki hupelekwa kituo cha kusafishia damu asubuhi, na hutoka kiasi cha saa saba mchana akiwa amelegea, shinikizo la damu limeshuka, mkono umefungwa bandeji. Wakati huo gari limekwisha kukaa juani saa nne. Kiangazi cha pwani hii si cha kusimuliwa kwa mafumbo: Qurayyat, mji mdogo usio mbali na Muscat, mwezi Juni 2018 ulipitisha siku nzima, mchana na usiku, bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Ndani ya gari lililofungwa joto ni jingine kabisa. Gari lao la petroli lilihitaji dakika kumi za kunguruma kabla ya kiti kukalika, na dakika hizo kumi mzee alizipitisha amesimama kivulini, ameshika nguzo. Binti alikuwa amesikia kwamba gari la umeme huweza kupozwa likiwa limesimama, kwa amri ya simu, kabla ya mtu kulifikia. Hicho ndicho walichokuja kununua. Mengine yote yalikuwa ziada.

Kijana aliyewapokea, kanzu nyeupe na kofia ya kudarizi, alianza kwa Kiarabu. Alipomsikia mzee akimwambia bintiye, “Mwanangu, humu baridi ya kuugua,” akabadilika uso.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Wa nani wewe?”

Bibi yake mzaa mama alizaliwa Wete. Kiswahili chake ni kile cha kulelewa: kinajua kula, kulala, kuumwa na kudeka, lakini hakijui biashara. Mazungumzo yakajigawa yenyewe: salamu na afya kwa Kiswahili, bei kwa Kiarabu, vifaa kwa Kiingereza.

Karatasi aliyoiweka mezani ilikuwa na safu tatu. Gari ni lilelile, bodi ileile, taa zilezile. La kwanza riali 10,900, la pili 12,300, la tatu 14,200. Kijana aliziita fia, kwa Kiarabu, na safu ya tatu akaiita fulu opsheni, jina ambalo Ghuba nzima hulitamka kana kwamba ni cheo cha mtu. Kiswahili bado hakijatulia juu ya neno la kutaja ngazi hizi. Daraja linafaa, maana limekwisha kuzoea kupanga mabehewa ya treni na vyumba vya meli. Kwa vile vinavyoongezwa juu ya daraja, lugha imejaaliwa neno lisilo na mfano: vikorombwezo. Ndani ya neno hilo mna kejeli, na kejeli hiyo ingefaa kuchapishwa juu ya safu ya tatu.

Daraja la kwanza lilikuwa na betri ndogo, viti vya kitambaa, kiyoyozi, basi. La pili lilikuwa na betri hiyohiyo, viti vya mbele vinavyopuliza hewa kutoka ndani, na mawasiliano ya gari na simu. La tatu lilikuwa na betri kubwa, mota mbili, paa la kioo, rimu za inchi 20, spika kumi na mbili, na hita: hita ya usukani, hita ya viti vya mbele, hita ya viti vya nyuma. Kijana alianza na mbio. Akaeleza sekunde ngapi hutosha kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa. Mzee akamsikiliza kwa adabu, mkono wenye bandeji juu ya goti.

Yeye alinunua gari lake la kwanza mwaka 1974. Alipoingia nchini watu walikuwa bado wakisimulia enzi za Sultan Said bin Taimur, ambapo gari halikuingizwa bila ruhusa yake, na barabara ya lami katika Oman nzima ilikuwa kama kilomita 10. Mzee alikwenda Mutrah akauliza pikapu ya Datsun. Maswali yalikuwa mawili: ipo, na hela unazo. Rangi hakuulizwa. Kiyoyozi kilikuwa dirisha. Anapolisimulia hilo halisimulii kama fahari ya zamani. Anasema wazi kwamba pikapu ile ilimwunguza mapaja miaka sita. Lakini bei yake ilikuwa bei ya kitu kimoja, na aliyelipa alijua amelipia nini.

Wapo watakaosema kwamba ngazi na nakshi si ugeni kwa watu wa Unguja, na kweli si ugeni. Mlango wa Mji Mkongwe uliagizwa kwa fundi vivyo hivyo: miimo ya namna gani, mfaa wa katikati uchongwe kiasi gani, juu ya kizingiti iwekwe aya au maua, misumari ya shaba iwe safu ngapi. Mlango ulitangaza uwezo wa mwenye nyumba kabla hajatoka kuufungua. Ila kila nakshi ilikuwa na bei yake. Aliyetaka misumari alilipia misumari. Hakuambiwa na seremala kwamba misumari haipatikani ila kwa mwenye kuchukua pia aya, mnyororo na rangi. Karatasi ya Ghala ilifanya kazi kinyume. Viti vya kupuliza hewa havikuwezekana kwenye daraja la kwanza hata kwa kuongeza fedha. Paa la kioo halikuwezekana kutolewa kwenye daraja la tatu hata kwa mwenye kulikataa, na katika mji ambao watu hulipa ili vioo vya gari vitiwe giza, paa la kioo ni dirisha lililofunguliwa upande wa adui.

Hapo ndipo ilipo hila ya madaraja, na si hila ya duka moja wala ya nchi moja. Kitu kinachohitajika hufungwa kifurushi kimoja na vitu visivyohitajika, kisha kifurushi hupewa jina zuri. Mnunuzi anaulizwa yeye ni mtu wa ngazi gani. Kile anachokihitaji hakiulizwi.

Hila hiyo imechongwa kwa hali ya hewa ya wengine. Kaka wa mwalimu anaishi Leicester na anaendesha gari la umeme mwaka wa nne sasa. Usiku uliotangulia alikuwa amemtumia dada yake ujumbe wa sauti wa dakika saba. “Mdogo wangu, usije ukaacha hita ya viti. Na pampu ya joto, hiyo ni lazima, bila hiyo baridi inakula betri yote.” Alisema kweli, kwa Leicester. Soko lililoyafundisha magari haya tabia ni la kaskazini. Norway, mwaka 2024, karibu magari mapya tisa kati ya kumi yalikuwa ya umeme. Kwa hiyo mtu wa Muscat anapoletewa daraja la juu huletewa anasa za Oslo, na hita ya usukani huvuka bahari hadi nchi ambayo mwezi wa Julai usukani hushikwa kwa kitambaa. Mwalimu alimjibu kaka yake kwa neno moja tu, “Inshallah,” ambalo katika familia ile lina maana pana sana.

Penye betri, hesabu ilikuwa na utamu wake, na mwalimu hakuificha raha yake. Betri kubwa iligharimu sehemu kubwa ya tofauti ya bei kati ya la pili na la tatu, nayo ilionekana kuwa sababu yenye heshima: nani asiyetaka kufika mbali? Lakini betri si chupa zinazotofautiana kimo tu. Ndogo nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa chuma na fosfati. Kubwa nyingi kwa nikeli, manganizi na kobalti. Zile za chuma na fosfati huvumilia kujazwa mpaka juu kila siku, na watengenezaji wengine huhimiza zijazwe hivyo mara kwa mara. Zile za nikeli, watengenezaji hushauri matumizi ya kila siku yaishie asilimia 80, kujaza kabisa kuachiwe safari. MG4 iliyoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2022 ni mfano safi: betri yake ndogo ni ya kilowati-saa 51, ya chuma na fosfati, kubwa ni ya 64, ya nikeli. Asilimia 80 ya 64 ni 51.2. Maana yake, siku ya kawaida, mwenye kubwa na mwenye ndogo hutoka nyumbani na umeme uleule.

Karatasi ya Ghala ilitoa jibu la aina hiyohiyo. Ndogo 60, kubwa 78. Asilimia 80 ya 78 ni 62.4. Mwalimu akaandika 2.4 pembeni ya karatasi, akaizungushia duara. Kwa gari linalokula kama kilowati-saa 20 kwa kilomita 100, na kiyoyozi kikiwashwa, hizo ni kilomita 12. Kijana alizitazama akacheka, kisha akasema, kwa haki kabisa, kwamba siku ya safari kubwa ingejazwa yote, na hapo tofauti ni kilomita 90.

Safari gani? Swali hilo halikuwa kwenye karatasi. Kilomita zilizochapishwa zenyewe zilihitaji kusomwa kwa jicho la mfawidhi. BYD Atto 3, yenye betri ya kilowati-saa 60.48, hutangazwa kwa kilomita 420 kwa kipimo cha WLTP na 480 kwa kipimo cha zamani cha NEDC. Gari moja, betri moja, kilomita 60 zimezaliwa kwenye karatasi. Na vipimo hivyo hufanywa maabara, kwenye hali ya hewa ya kupendeza, si kwenye kasi ya 120 kuelekea bara ya Oman mwezi wa saba.

Safari ya familia hii ni Ibra. Babu wa babu yake mzee alitoka Sharqiya kwenda Unguja, na jamaa waliobaki wako huko mpaka leo. Marehemu mama wa mwalimu alipenda kwenda Jumatano, siku ya soko la wanawake, na baada yake safari imebaki ya Idi na ya mazishi. Ni kama kilomita 150 kwenda na 150 kurudi. Kwa betri ya 60 hiyo ni safari inayoishia pale pale betri inapoishia, na hakuna mtu mwenye akili anayepanga safari namna hiyo. Kijana akaona mlango umefunguka. “Basi dada, la tatu,” alisema. Lakini mzee, aliyedhaniwa amesinzia, akauliza kama gari hili linaweza kuchomekwa kwenye soketi ya ukutani. Linaweza. Soketi ya Oman ni ileile ya mashimo matatu ambayo Waingereza waliiacha Unguja na Mombasa; kwa ampea 10 na volti 240 hutoa kilowati 2.4. “Ibra,” mzee akasema, “nani amewahi kuruhusiwa kuondoka kabla ya saa sita kupita?” Kahawa, halua, chakula cha mchana, kulala kidogo, kahawa tena. Saa sita mara 2.4 ni zaidi ya kilowati-saa 14, kilomita 70. Ukarimu wa jamaa ulikuwa umekwisha kuziba pengo ambalo duka lilitaka kuliziba kwa riali 1,900.

Soketi hiyohiyo iliondoa pia kikorombwezo kingine, chaja ya ukutani pamoja na gharama ya kuifunga. Saa kumi za usiku ni kilowati-saa 24, kilomita 120, na mwalimu hatembei zaidi ya 50 kwa siku. Wao wana nyumba yenye ua, jambo ambalo si la kupitiwa haraka. Waswahili wengi wa Muscat wanakaa kwenye fleti, magari yao yamelala kiwanjani, na kwao mazungumzo yote haya yangesimama hapa.

Kuhusu petroli, Oman si Tanzania. Tangu Novemba 2021 bei ya juu ya lita ya petroli ya 95 imefungwa kwenye baisa 239, kama senti 62 za dola. Kwa kilomita 20,000 kwa mwaka, gari lao la zamani linalokunywa lita 9 kwa kilomita 100 lilimaliza lita 1,800, yaani riali 430. Umeme wa umbali huo, tuseme kwa baisa 20 kila kilowati-saa, ni riali 80. Faida ni 350 kwa mwaka: si haba, lakini si utajiri. Riali 1,400 zinazotenganisha daraja la kwanza na la pili ni faida ya miaka minne nzima. Serikali nayo imeyapa magari ya umeme nafuu, imeyaondolea ushuru wa forodha na kuyawekea kodi ya ongezeko la thamani ya sifuri badala ya asilimia 5; nafuu hiyo ilikuwa imekwisha kuingizwa ndani ya bei, na kijana aliitaja mara mbili kana kwamba ingepatikana tena.

Fedha zingetoka benki, kwa murabaha: benki inalinunua gari, inamuuzia mteja kwa bei iliyojulikana, naye hulipa kidogo kidogo. Uzuri wake ni kwamba faida ya benki haifichwi. Ubaya wake, kama ni ubaya, ni kwamba kila kikorombwezo hupanda nacho. Kwa faida ya asilimia 6 na miaka saba, riali 1,000 hurudi zikiwa kama 1,227. Mwalimu aliandika hilo nalo. Yeye atakuwa amestaafu kabla ya kulipa awamu ya mwisho. Umri wa mzee mwaka huo hakuuandika.

Mzee alikuwa na swali lake, alilolibeba tangu nyumbani. “Umeme ukikatika?”

Kijana alitabasamu, Muscat umeme haukatiki. Lakini mzee anatoka mji ambao Beit al-Ajaib, jengo la kwanza Unguja kuwa na umeme, liliitwa la maajabu, na ambao miaka mia baadaye ulipata umeme wake kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari kutoka bara. Waya huo ulipoharibika, Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mmoja katikati ya 2008, na miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Dada yake alikuwapo. Hata Oman, tarehe 5 Septemba 2022, umeme ulikatika mchana kweupe katika Muscat na mikoa mingine, na kwa saa chache watu waligundua nyumba zao zimejengwa kwa kiyoyozi. Siku hiyo mzee hakuwaza joto. Aliwaza jokofu, kwa sababu insulini yake imo humo.

Kwa hiyo hakuuliza gari litatembeaje umeme ukikatika. Aliuliza kama umeme ulio ndani ya gari unaweza kutoka. Kijana akageuza karatasi. Nyuma yake, chini kabisa, baada ya mazulia ya mpira na rangi za riali 250 (nyeupe ilikuwa bure), palikuwa na adapta ya kutolea umeme nje ya gari, riali 90, kwa daraja lolote. Jokofu la nyumbani hutumia kilowati-saa moja au mbili kwa siku. Betri ya 60 ingelilisha, pamoja na feni, kwa siku nyingi kuliko ambazo Muscat imewahi kukaa bila umeme. Hakuna aliyeitaja tangu walipoingia. Haikuwa na sekunde ndani yake.

Upande huohuo wa nyuma mwalimu aliona jambo lililomfanya avue miwani na kuivaa tena. Mawasiliano ya simu, yale ya kupozea gari kabla ya kupanda, yale waliyokuja kuyanunua, hayakuuzwa. Yalikopeshwa: miaka mitatu bila malipo, kisha kwa ada. Aliuliza ada kiasi gani. Kijana hakuwa na jibu, na alikuwa mwungwana wa kutosha kutolibuni. Mkopo ni wa miaka saba. Haja ya mzee ni ya leo. Kwa mwanahisabati jambo hilo lilipaswa kuwa jepesi. Mzee ndiye aliyesema, akitazama pembeni, “Miaka mitatu inatosha, mwanangu,” na binti akasema kwa ukali usiokuwa wa dukani, “Baba, tunanunua gari.”

Ikabaki habari ya muda. Uani palikuwa na gari moja la daraja la tatu, jeusi, paa la kioo, liko tayari. Kwa kuwa lilikuwa limekaa, bei yake ilikuwa imeshushwa hadi 13,300. Wangeweza kuondoka nalo ndani ya wiki. La pili lilikuwa halipo. Lingeagizwa, lingefika kwa meli, miezi minne. Tofauti ilikuwa riali 1,000, au 1,227, kama riali 15 kwa mwezi. Hesabu zote alizofanya mwalimu kwa saa nzima zilikuwa juu ya gari. Hii haikuwa juu ya gari. Miezi minne ni safari hamsini na kitu za kituo cha damu, na nyingi kati yake zitamkuta mzee ameshika nguzo kivulini. Lile jeusi lilikuwa na kila kitu alichokihitaji pamoja na kila kitu alichokidharau, na lilikuwa hapo, linang’aa. Kwa mara ya kwanza safu ya tatu ilikuwa na hoja.

Kijana aliisoma hali hiyo, na inafaa isemwe kwa sifa yake kwamba hakuongeza neno. Alimletea mzee maji.

Mzee alihesabu kwa vidole. Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba. “Litafika joto limekwisha,” akasema, akacheka mpaka akakohoa. Kweli: mwishoni mwa Novemba Muscat hufungua madirisha, na gari la kupozwa kwa simu lingefika wakati wa kutohitaji kupozwa. Kisha akaomba apelekwe uani alione lile jeusi. Walimfungulia mlango. Aliingia kwa shida, kwa kuwa rimu kubwa zilikuwa zimeliinua. Akakaa, akaegemea, akatazama juu kupitia kioo kwenye anga jeupe la saa tano, akafumba macho.

“Hili la kumtazama Mungu,” alisema. “Mimi nataka la kulala.”

Waliandika daraja la kati, jeupe, pamoja na adapta ya riali 90. Kijana aliuliza mulkiya iandikwe kwa jina la nani, akielekeza kalamu kwa mzee kwa heshima ya umri, na mzee akaisukuma kalamu upande wa binti yake. Amana ilikuwa riali 200. Mwalimu aliomba tarehe ya kufika iandikwe kwenye risiti, si kwa mdomo, na ikaandikwa.

Kutoka hapo hawakwenda nyumbani. Walivuka mtaa mmoja hadi gereji, wakamwambia fundi ajaze gesi kiyoyozi cha gari la zamani na kuangalia kwa nini kilikuwa dhaifu. Alilala chini yake kwa dakika ishirini. Mzee alikaa ndani ya ofisi ya fundi, palipokuwa na feni na kiti cha plastiki, akanywa chai ya maziwa. Riali 14, pamoja na mpira mmoja uliobadilishwa. Fundi aliulizwa kama itafika Novemba. Alijipangusa mikono, akafikiri, akasema bomba limechoka lakini halijavuja.